Kabla hujachapisha fulana: namna ya kuipa jina biashara yako ya video

Mtoto wa dada yangu anakaa Chake Chake, Pemba. Juzi juzi kanunua kamera ya mkono wa pili, na hata betri ya akiba haijamfikia, akanitumia ujumbe: “Mamdogo, jina nishapata.” Jina lenyewe ni Ng'ara Films. Kalitoa kwenye methali, jina jema hung'ara gizani, na alikuwa keshaongea na mtu wa kuchapisha fulana.

Nikamwambia zuia fulana kwanza.

Si kwamba jina baya. Lakini hebu jaribu kulifungulia ukurasa wa Instagram. Kile kialama kinachokaa baada ya g hakikubaliki: pale unaruhusiwa herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini, basi. Anwani ya tovuti nayo haikitaki. Ukikiondoa, unabaki na Ngara, nayo Ngara ni wilaya kule Kagera. Mtu wa Micheweni anakutafuta umpigie mahafali ya mwanawe, simu inamletea habari za mpakani na Rwanda.

Mie napiga video za shughuli za wanawake hapa Unguja mwaka wa kumi na moja sasa. Nimezaliwa Wete, nakaa Fuoni, na nimeshatumia majina mawili. La kwanza lilinitia hasara. La sasa silitaji, nisije nikaonekana nimekuja kutangaza biashara. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia yule kijana kwa simu siku mbili mfululizo, na nimeona bora niyaweke mahali pamoja maana hayuko peke yake.

Jiulize kwanza nani atakayelitamka jina lako. Vijana wengi wanachagua jina kwa kuangalia litakavyokaa kwenye nembo, wameshaona na lenzi imechorwa ndani ya herufi O. Kazi za kwetu haziji kwa nembo. Zinakuja hivi: mama wa bibi harusi amekaa jikoni anachambua mchele, simu kaibana kwa bega, anamuuliza wifi yake aliyeozesha mwezi uliopita, “Wale waliokupigia video wanaitwaje?” Wifi naye yuko kwenye daladala, kondakta anagonga bati. Jina lako lina nafasi hiyo moja. Likipita kwenye hizo kelele likafika upande wa pili kama lilivyotoka, umepata kazi. Lisipopita, wifi atasema, “Aa, nitakutumia namba baadaye,” na hatotuma.

Jina langu la kwanza lilikuwa maneno matatu ya Kiingereza, la katikati likiwa Vision. Nililipenda sana. Siku moja, mwaka wangu wa pili au wa tatu, mteja alinipa simu yake nimwandikie namba ya mpambaji. Nikaona nilivyohifadhiwa mle: “Mpemba Video”. Nikacheka, lakini roho iliniuma. Baadaye nikawauliza wateja wengine watano, wale nilioweza kuwauliza bila kuona haya. Mmoja kaniandika “Dada Kamera Fuoni”, mwengine “Video harusi ya Zuhura”, mwengine jina langu la kuzaliwa tu. Hakuna hata mmoja aliyeandika Vision. Nimelipia mabango na stika kwa ajili ya jina ambalo wateja wangu wenyewe hawalijui.

Kwa hiyo kama umeshaanza kazi na unataka jina, au unataka kubadilisha, anzia hapo. Waulize watu watano wamekuhifadhije kwenye simu zao. Si lazima ulichukue wanaloliandika (mie sikutaka kuitwa Mpemba Video mpaka uzeeni), ila litakuonesha watu wanakushika kwa kitu gani: kwa mtaa wako, kwa kazi moja uliyoifanya vizuri, au kwa kuwa wewe ni mwanamke. Mimi walinishika kwa hilo la mwisho, na mpaka hapo sikuwa nimelifikiria.

Hapa niseme kidogo kwa wale wasioijua kazi hii. Harusi ya kwetu ina upande ambao mwanamume haingii. Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato, siku ya hina na piko, taarabu ya rusha roho usiku, wanawake wako vichwa wazi, magauni ya mikono mifupi, wanacheza wanavyotaka kwa sababu wanajua waliomo ni wanawake watupu. Wakati bwana harusi anapokuja ukumbini kumchukua mkewe, mtu hupiga kelele mlangoni, “Wanaume wanaingia!”, na ndani ya dakika moja ukumbi mzima umegeuka mweusi: mabuibui yanatoka kwenye mikoba, mitandio inapanda, wasichana wanakimbilia nyuma ya nguzo. Mie wakati huo nateremsha kamera, naielekeza sakafuni, mpaka nisikie wametulia. Anayenilipa hanilipi picha tu. Ananilipa sitara. Anataka kujua kwamba aliyeshika kamera ni mwanamke, anayekata video nyumbani ni mwanamke, na kwamba ile memori kadi haitakwenda mahali.

Na hapo ndipo jina langu la kwanza liliponifikisha pabaya. Usiku wa manane simu inalia, sauti ya mama nisiyemjua: “Wewe ndiye uliyemweka mwanangu kwenye status?” Kipande cha rusha roho kilikuwa kimevuja, kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na pembeni ya video kuna jina. Maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yale yale ya kwangu. La tatu ndilo tofauti: wao walimalizia Studio, mie Media. Nani usiku ule angesoma neno la tatu? Nilijieleza mpaka sauti ikakauka. Kabla wiki haijaisha wateja watatu walikuwa wameshataka kianzio chao warudishiwe, na niliwarudishia. Waliovujisha siwataji, nina hakika nao jina lile walilipata kama nilivyolipata mie, kwa kuchanganya maneno ya Kiingereza yanayozagaa kwenye kila bango la mpiga picha.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: orodhesha maneno yote yaliyokwishachoka mjini kwenu, uyaweke pembeni. Hapa Unguja ni Vision, Pixel, Lens, Royal, Classic, Golden, Zanzi-kitu-fulani, Spice-kitu-fulani na Stone Town. Hayana ubaya, yana msongamano.

Sasa Kiswahili. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia Kiswahili, na Kiswahili nacho kina mashimo yake, hasa kwa sisi wa visiwani.

Kijana wangu, baada ya kuiacha Ng'ara, alikuja na Mwanga. Nikamuuliza, wewe umezaliwa wapi? Vitabuni mwanga ni nuru, na mtu wa Dodoma ataona jina limetulia. Kwetu Pemba mwanga ni yule anayetoka usiku kwenda kuroga watu, wingi wake wanga. Fikiria basi: kijana wa Chake Chake, anafanya kazi usiku, anaingia kwenye nyumba za watu, na mgongoni ameandika Mwanga. Nyanya yake angemfukuza nyumbani.

Akaja na Jicho. Nalo naliona mara nyingi, kwa sababu kamera ni kama jicho. Lakini mama wa bibi harusi kashinda wiki nzima anamsomea mwanawe na kumfukiza ubani ili jicho la watu lisimpate. Halafu umwambie Jicho limefika, liko mlangoni na tripodi?

Mie mwenyewe niliwahi kukaribia kusajili Kisutu. Nililiona zuri kupita yote: kisutu ni ile kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mama yeyote anaijua. Kabla sijalipa nikamwambia rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam. Akaanza kucheka. “Shoga, huku mtu akikwambia naenda Kisutu anakwenda mahakamani.” Kweli, Mahakama ya Kisutu inatajwa kwenye taarifa ya habari kila siku. Nikaona sitaki bibi harusi wa bara aanze ndoa yake kwa kesi.

Kwa hiyo lipeleke neno lako kwa watu wa sehemu tatu tofauti: mzee wa kijijini kwenu, mtu wa mjini, na mtu wa bara. Kama una jamaa anayejua Kiarabu vizuri, mpelekee na yeye, maana tuna ndugu wengi Omani na video za harusi zinatumwa huko kabla hazijafika hata Mwanakwerekwe. Usiwaulize “Jina hili zuri?” Watakwambia zuri. Uliza, “Ukisikia neno hili unakumbuka nini?” halafu nyamaza.

Maua nayo tunayapenda. Tatizo la asumini ni kwamba lina maandishi mengi: asumini, asmini, yasmini, yasmin. Anayekutafuta ataandika moja, wewe umesajili jengine. Kilua ni bora, kikuba ni bora zaidi kwa anayepiga harusi: neno fupi, linaandikwa namna moja, na kila mwanamke aliyewahi kuvaa kikuba kifuani anainusa ile harufu papo hapo. Langilangi, kwa wa Pemba, linaimba mdomoni. Ukaya, ule mtandio, nililifikiria sana, kwa ile maana ya kujifunika. Mtu alichukue, simdai.

Majina ya dini nitasema kwa upole. Ukiweka jina tukufu kwenye biashara, kumbuka litachapwa kwenye stika, stika itabandikwa kwenye boksi la flashi, na boksi litatupwa jaani. Litakaa pembeni ya video ambamo watu wanakata viuno. Mie sikuweza. Ukiweza wewe, shauri yako na moyo wako.

Siasa pia ikae mbali. Kwetu hata rangi ina chama: kijani na njano mtu ameshakuweka CCM, zambarau ameshakuweka ACT-Wazalendo. Sisi tunaingia nyumba za pande zote, na wakati mwengine pande mbili zinaoana.

Lile neno la mwisho, Media, Films, Production, Studio, ni dogo lakini linasumbua. Studio watu wanadhani ni mahali, nilikuwa na jirani wa kazi, wateja wakimpigia kutoka Mlandege, “Tumefika, studio iko wapi?” naye anakatia video chumbani kwake. Production hakuna anayejua kama ina s mwishoni. Films linafaa kama kweli unatengeneza filamu na unatamani siku moja kazi yako ioneshwe ZIFF, lile tamasha la filamu, pale Ngome Kongwe. Kwa anayepiga harusi, maulidi na mahafali, mie naona “Video” inatosha. Haina majivuno, na kila mtu anaitamka. Teknolojia usiiweke kabisa. Mama yangu anao mkanda wa harusi ya kaka yangu, boksi lake limeandikwa kwa majivuno jina la mpigaji pamoja na herufi VHS. Mashine ya kuuchezea hatunayo. Kesho HD na 4K zitasomeka vivyo hivyo.

Jina lako mwenyewe, je? Wapiga picha wa zamani wa mji huu walifanya hivyo: Gomes, Coutinho, majina yao bado yanaonekana kwenye kadi za posta za zamani. Ranchhod Oza alipofungua duka lake la picha Mji Mkongwe mwaka 1930, barabara inayoitwa sasa Kenyatta, hakuandika Oza mlangoni, aliandika Capital Art Studio. Mie huliangalia jina lile kila nikipita. Halina mtu ndani yake, kwa hiyo mwanawe aliporithi kazi hakuwa na la kufuta. Na halina mfalme ndani yake: alipiga picha enzi ya sultani, Mapinduzi yakaja Januari 1964, jina likabaki. Fikiria kama angeandika Royal.

Kwa hiyo jina la mtu ni sawa kama kazi ni yako peke yako na itakufa na wewe. Kama una nia ya kuwatuma wasichana wengine ukumbini siku ambazo harusi nne zinaangukia Jumapili moja, jina lako litakuponza. Mama atasema, “Nimemlipa fulani, mbona kaja mtoto?”

Ukishabakiwa na majina mawili au matatu, yaandike. Si kwenye karatasi tu. Chukua kipande cha video yako ya ukumbini, kile chenye shela jeupe na taa zinazowaka nyuma, uweke jina pembeni kwa herufi nyeupe kama utakavyoliweka kila siku. Litazame kwenye simu iliyosimama wima, simu ya bei ndogo, kioo kimepasuka, maana ndiyo wateja wako wengi wanayotazamia. Jina la herufi kumi na nane litakuwa mstari wa sisimizi, na ukilikuza litamkata bibi harusi mkono. Mie nilijipangia mwisho herufi nane, bila kuhesabu neno “Video”. Halafu litafute: Instagram, TikTok, Facebook, Google, na kwenye simu za watu wawili watatu unaofanya nao kazi, wapambaji na wapishi, kwa sababu wapo wapigaji wazuri ambao hawana ukurasa wowote lakini mpishi anawajua wote.

Usajili wa jina kwetu ni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ile BPRA. Wengi wanasikia BRELA kwenye redio wanadhani ndiyo hiyo hiyo. BRELA ni ya bara. Jina kuwa wazi huku hakumaanishi liko wazi kule, na kulisajili huku hakukulindi kule. Kama ndoto zako ziko Dar es Salaam, tafuta pande zote mbili kabla hujaamua. Nenda na majina matatu kwa mpangilio unaoyapenda, lisije la kwanza likakataliwa ukaanza kubuni jengine pale dirishani (hivyo ndivyo lilivyozaliwa jina langu la kwanza, na sasa unajua mwisho wake). Usiweke Limited kama hujafungua kampuni. Ukitoka pale, hakikisha namba unayopokelea malipo inatoa jina hilo hilo. Mama akituma kianzio akaona jina la mwanamume asiyemjua, atasita, na ana haki ya kusita.

Kama unabadilisha jina la zamani, fanya hivyo Ramadhani. Shaabani kila mtu anaozesha, hupati hata nafasi ya kulala. Ramadhani harusi zimesimama, wateja wako nyumbani na simu mkononi baada ya futari, na Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata, ndio watu wanaanza kuulizia tena. Mie niliwapigia wote niliowahi kuwafanyia kazi, mmoja mmoja, usiku baada ya tarawehe. Kwenye video niliandika jina jipya na chini yake, kwa herufi ndogo, “zamani” na lile la kale, mpaka mfungo uliofuata. Kisha nikalifuta.

Yule kijana wangu alibakiwa na mawili, Pakacha, kile kikapu cha makuti, na Dema, ule mtego wa samaki. Yeye hapigi upande wa wanawake. Anapiga mpira, maulidi, mahafali na nikaha misikitini, kwa hiyo maua hayakumfaa na sikumlazimisha. Nikampigia mama yangu kule Wete, sikumwambia kitu, nikasema tu kwamba kuna watu wa video huko Chake wanaitwa Pakacha. Akanyamaza kidogo. “Pakacha si linavuja?” Kweli, methali ipo, pakacha likivuja nafuu ya mchukuzi. Kazi ya kutunza video za watu, na jina linavuja.

Kesho yake nikapiga tena, nyuma yake jogoo wanawika na mtu anatwanga. Nikasema kuna wengine, wanaitwa Dema Video.

“Dema la kuvulia?”

“Ndilo hilo hilo.”

“Dema Video,” akasema, kama anamwambia mtu aliye karibu naye. Kisha akarudi kwangu. “Na wanachukua bei gani hao?”